Mlango wa Choo cha Mama

Mbolea ya ruzuku ilipofika Mau Narok, mama yangu alisimama kanisani akamshukuru Mungu na serikali kwa pumzi moja. Alikuwa amekodi shamba la viazi kwa jirani, na mapatano yalikuwa wazi: mavuno yakiwa mazuri analipia msimu ujao, yakiharibika shamba linakwenda kwa mwingine. Mama hana shamba lingine. Ana kiwanja chenye nyumba, kuku na choo.

Gunia lilikuwa na nembo ya serikali na neno moja kubwa: HAIUZWI. Kwetu gunia halitupwi, wala haliachwi zima. Kikiisha kilichomo linafumuliwa mshono, linafuliwa, linapewa kazi. Mlango wa choo chetu ulikuwa umeoza, kwa hiyo mama akalitundika hapo, nembo ikitazama nje.

"Wacha serikali ipokee wageni," alisema, tukacheka.

Viazi viliota vikadumaa. Nilipopanda kwenda nyumbani kutoka Nakuru mjini, ninakouza spea za magari, mama aling'oa shina moja akanionyesha viazi vya ukubwa wa gololi. Wiki hiyohiyo redio ikatangaza kwamba mbolea yenyewe ilikuwa mchanga na mawe yaliyosagwa. Kuna mtu alisaga mawe, akayatia kwenye gunia zuri, akalishona, huku akijua linakwenda kwa mama kama huyu. Kisha akanawa mikono akala chakula cha mchana.

Chifu akaitisha baraza. Tutafidiwa, akasema, gunia kwa gunia, mradi kila mtu alete lile alilopewa liwe ushahidi. Watu wakatazamana. Siku ya fidia wakaja wamebeba mazulia ya jikoni, matandiko ya punda na pazia moja lenye maua ya kushonwa. Mama alibandua mlango wa choo, akaufua kwa sabuni, akaufua tena, akanipa niubebe.

Afisa wa fidia alikuwa amevaa gambuti zisizojua tope. Aliushika mlango kwa vidole viwili.

"Mathe, hii ni nini?"

"Ni gunia yenu."

"Mbona inanuka?"

"Ilikuwa kwa choo."

"Sasa mathe, hii imefumuliwa. Nitajuaje ilikuwa na mbolea?"

"Haikuwa na mbolea," mama akasema. "Si ndio maana nimekuja?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Afisa hakucheka. Gunia lazima liwe na mshono wake, akasema, hiyo ndiyo sheria, na akamwita aliyefuata.

Nikatazama ni nani waliokuwa na mshono. Walikuwa wenye maduka, wale waliojichukulia mbolea ya wakulima wakawa wanaiuza kwa mlango wa nyuma. Hawakupanda hata kiazi kimoja, kwa hiyo magunia yaliyowabakia yalikuwa mazima. Walipakiziwa mbolea mpya kwenye pikapu huku wakimwita afisa boss, naye akiwapa mkono. Nilitaka kutema mate pale pale, lakini mama alinishika mkono wa shati tukarudi nyumbani na mlango wetu.

Shamba lilikwenda. Jirani alikuja kulisema hilo akiwa amesimama nje, akakataa hata chai kwa aibu. Sasa mama hupalilia humo kama kibarua, viazi vya mtu mwingine, na vinaendelea vizuri.

Jioni ile jirani alipoondoka, nilimkuta mama akitundika gunia chooni. Safari hii alikuwa ameligeuza, nembo ikatazama ndani, usawa wa macho ya mtu aliyechuchumaa. Nikamuuliza kwa nini.

"Wacha iangalie huku," alisema, akigongelea msumari. "Angalau itajua mbolea inakaa aje."