Fundi Faki na Kamba ya Usumba

"Bi Shekha, wewe uliyesoma, hebu niambie: gasconade ni nini?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Pushpa asubuhi moja kutoka upande wake wa ukuta, gazeti la Kiingereza mkononi, kalamu sikioni. Anapenda kujaza yale mafumbo ya maneno. Mimi nilikuwa naanika nguo. Ningesema sijui, ingekuwa kweli, na pengine ningepata thawabu. Lakini amesema "wewe uliyesoma", na mimi nina cheti cha darasa la saba, tena nimekitia fremu.

"Ni kitambaa," nikamjibu. "Cha hariri. Cha zamani hicho, siku hizi hakiji."

Pushpa akanitazama. Kina mumewe wameuza vitambaa hapa Malindi tangu kabla mama yangu hajazaliwa.

"Haya," akasema taratibu. "Nitamuuliza mzee kama tuliwahi kukiuza."

Nikaingia ndani, nikaswali Dhuha, nikamwomba Mola anisamehe, kisha nikafungua kamusi kubwa ya marehemu mume wangu. Neno nikalikuta. Maana yake ni majigambo, yale ya kupita mpaka. Asili yake ni nchi iitwayo Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Watu wa huko walijulikana kwa kujisifu, hata Wafaransa wenzao wakalitwaa jina la kwao kuwa jina la majigambo, na Waingereza wakaliazima. Mimi sijaonana na mtu wa huko na sitaki kumsengenya. Nasema tu kwamba hao watunga maneno walijisumbua bure. Wangalipita hapa Shella, mtaa wetu wa Malindi, mwaka wa 1912, wangalimkuta babu yangu Faki, na neno lingaliitwa kwa jina letu.

Babu Faki, baba wa mama yangu, alikuwa mchimba visima. Habari zake nilizipata kwa bibi yangu Kaltuma, mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Mumewe alikuwa akiitia ya kuwatosha wawili. Kwamba alikuwa fundi hodari ni kweli. Akionja udongo kwa ulimi, atakwambia maji yako pima ngapi. Ila hakuweza kungoja mtu mwingine amsifu. Maji yakitoka mapema, alisema yamemwogopa. Yakichelewa, alisema yanamwonea haya. Kwenye magofu ya Gede kuna kisima kirefu cha kale kilichokauka. Babu alikichungulia siku moja, akatikisa kichwa.

"Lau ningalikuwako," akasema, "watu hawa wasingaliuhama mji."

Mwaka huo wa 1912 Dhirajlal, babu wa mumewe Pushpa, alimwita amchimbie kisima nyuma ya duka lake. Pale juu ni mchanga, mwamba uko chini, na upande wa mashariki wa shimo ulikuwa haujajengewa mawe ya kuuzuia. Ada ya wachimbaji inajulikana: anayeshuka hufungwa kamba kiunoni, mwenzake akaishika juu. Mwenzake babu alikuwa Dena, Mgiriama wa Dabaso, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache.

Siku ya nne watu wakakusanyika waone maji yakitoka. Dhirajlal akaleta kamba mpya ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, kutoka dukani.

"Fundi, jifunge hii. Sikuuzii, nakupa."

"Kamba ni ya mbuzi, Bwana Dhirajlal. Mimi kisima hunishika mkono kikaniteremsha."

"Na kikikataa kukupandisha?" akauliza Dena.

Babu akawageukia watu ili wasikose kusikia. "Siku mtakayonisikia naomba kamba, nitajifunga leso ya mke wangu kiunoni, nipite sokoni toka mwanzo hadi mwisho!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Babu akashuka kwa vitundu vya miguu alivyoviacha kwenye ukuta wa mawe wa upande wa pili.

Haukupita muda, ule upande wa mashariki ukaanza kuteremka. Dena alisema haukufanya kishindo. Ulilia kama mchele unaomiminwa.

"Fundi! Mchanga umekufika wapi?" akaita.

"Magotini tu! Nimeuita mwenyewe, ulikuwa ukinikera huko juu!"

Dena akateremsha kamba. Babu akaisukuma kando. Mchanga ukamiminika tena.

"Sasa je?"

"Kiunoni. Nimeketi kidogo."

"Umeketi, fundi, au umezikwa?"

"Sisi mafundi huketi hivi!"

Hapo hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeweza kumfuata chini, maana kila mguu uliokanyaga ukingoni uliangusha mchanga mwingine. Dena akalaza mlango wa ghala ukakingama juu ya shimo, nafasi ikabaki pembeni, akalala kifudifudi juu yake, kamba ingali mkononi. Dhirajlal akatuma watu wamwite bibi yangu.

Bibi akaja mbio kadiri alivyoweza, ana mimba ya miezi saba, na ndani ya mimba hiyo alikuwamo mama yangu. Mchanga ulikuwa umemfika babu kifuani. Babu alikuwa ameinua mikono miwili juu kama mtu anayeomba dua, na kamba inaning'inia katikati yake, haigusi. Bibi akatambaa juu ya ule mlango, kando ya Dena.

"Faki."

"Ah, Kaltuma! Umekuja kuona maji?"

"Nimekuja kukuuliza. Ukishaswaliwa, imamu atawageukia watu awaulize, 'Mwamshuhudiaje maiti huyu?' Wajibuje?"

"Waseme fundi hodari, hajatokea mfano wake."

"Watasema. Halafu wanawake wataniuliza mimi alikufaje. Niwaambie kamba ilikuwa mbele ya pua yake, akaonea haya leso? Na huyu aliyemo tumboni, akiniuliza, nimwambie nini?"

Babu akanyamaza. Bibi alisema katika miaka yote ya ndoa yao ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Leso ipi?" akauliza hatimaye. Sauti ilikuwa imeanza kubanwa.

"Hii niliyojifunga."

"Si ile ya maua mekundu?"

"Ndiyo hiyo, Faki."

"Huna nyingine iliyopoa kidogo?"

"Sina."

"Maua yatakupendeza, fundi," akasema Dena, na bibi aliapa kwamba Dena hakuwa akicheka. Machozi yalikuwa yakimdondoka ndani ya kisima.

Zamani nilikuwa nikisikia kisa hiki namwona babu mjinga sana. Mtu na akili zake, kifo kimemfika kifuani, anachagua maua! Lakini siku ile, nimeshika kamusi, nilikaa ukumbini mpaka adhana ya Adhuhuri nikitafuta njia ya kumwambia Pushpa neno moja tu, "sijui". Kwanza nikafikiri nimwambie kwamba kamusi imekosea. Astaghfirullah. Babu aliona haya mbele ya watu thelathini. Mimi haya zangu zilikuwa mbele ya mwanamke mmoja, na mchanga haukuwa umenifika hata kwenye kandambili.

Alasiri nikaenda. Pushpa alikuwa uani, karibu na kisima hicho hicho, ambacho maji yake mpaka leo yana chumvi na babu hakupata kuyasifu. Nikamwambia si kitambaa, na kwamba sikuwa nikijua.

"Nilijua kwamba hujui," akasema, akanisogezea kigoda. "Nimeuza hariri miaka arubaini, Bi Shekha."

Nikamsomea maana, kisha nikamsimulia ya babu yangu. Akataka kujua alisema nini mwishowe hata akatolewa, maana alidhani mtu kama yule hata kuomba kwake kutakuwa kwa mbwembwe. Nikamwambia hapana. Bibi aliyashika maneno yale kama yalivyotoka shimoni:

"Dena, nivute. Na wewe Kaltuma, naomba hiyo leso."