Bega Alilolijua Tuntufye

Anyosisye alibeba lumbesa miaka kumi na minne katika ghala moja la mahindi pale mji mdogo wa Mpemba. Kwa asiyeijua lumbesa, ni gunia lililojazwa mpaka likakataa kufungwa, kisha likasukiwa kamba juu ili liongezwe mahindi mengine. Mnunuzi hufurahi. Bega ndilo hulia.

Mtu hawezi kujitwika lumbesa peke yake, kwa hiyo makuli walifanya kazi wawili wawili. Mmoja anainama, mwenzake anamtwisha akisaidiwa na aliye karibu, halafu wanabadilishana zamu. Aliyeinama hamwoni anayemtwisha. Anamwachia shingo yake tu. Mwenzake Anyosisye alikuwa Tuntufye, ambaye Anyosisye mwenyewe alimtoa kijijini Ruanda na kumfundisha jinsi ya kupinda goti kabla mzigo haujatua.

Mwaka 2003 bega la kulia likaanza kumsumbua. Mwanzoni lilikuwa linawaka jioni tu, akalisugua mafuta ya kondoo. Baadaye mkono ukakataa kupanda, hata shati akawa anavalishwa na mkewe Sekela. Kusema ghalani hakuthubutu. Ezron, nyapara wao, alitaka lori la semi lijae kabla ya adhana ya saa saba, na aliyelalamika aliambiwa mbele ya wote akakae nyumbani anyonyeshe. Watu walicheka, kila mmoja akishukuru kwamba si yeye. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi chini ya Ezron.

Aliyejua ni Tuntufye. Bila kuulizwa, akaanza kumwekea gunia bega la kushoto. Walikwenda hivyo miezi minane, na Anyosisye akimwombea kwa jina kila Jumapili kanisani.

Kisha Ezron akatangaza kwamba kikosi kitapunguzwa. "Nimesikia humu kuna wagonjwa wanaojificha. Leo nitawaona," alisema, akasimama kando ya mizani.

Anyosisye hakuwa na hofu kubwa. Aliinama kama siku zote, shingo akaielekeza kulia ili kushoto kubaki wazi. Tuntufye na kuli mwingine wakanyanyua. Lumbesa ikatua kulia.

Kitu kilikatika ndani ya bega, akakisikia mpaka kwenye meno. Alipiga hatua mbili, ya tatu ikamshinda. Gunia likaanguka, likapasuka, mahindi yakatapakaa mpaka kwenye viatu vya nyapara. Ezron hakugomba hata kidogo. Alimtazama Tuntufye, akatikisa kichwa kukubali, kisha akamwambia Anyosisye asirudi kesho.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo Anyosisye alikuwa ameifuma mwenyewe. Jambo hili linaniudhi mimi ninayelisimulia, sembuse yeye. Alikaa kwenye kizingiti cha ghala, mkono umelegea mapajani, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Alijiambia kwamba huenda ni bahati mbaya. Alitamani sana iwe bahati mbaya.

Tuntufye alimfuata baadaye, akachuchumaa mbali kidogo.

"Nisamehe, kaka."

"Ulikosea upande?"

Tuntufye akasema, "Hapana. Ezron aliniahidi. Nikimwonyesha mgonjwa mmoja, nitakaa mlangoni kuhesabu magunia, sitabeba tena."

"Una nguvu kuliko sisi sote. Mlangoni unatafuta nini?"

Tuntufye alijaribu kuinua mkono wake wa kushoto. Uliishia usawa wa kifua, akaushusha haraka kabla wengine hawajaona.

"Tangu mavuno ya mwaka jana," alisema. "Niliogopa kumwambia mtu."

Anyosisye aliutazama mkono ule. Hasira alikuwa nayo, tena kubwa, lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa hasira.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Ningekutwisha kulia."