Mpira Usioyumba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fagio. Ukumbi wa klabu ulikuwa nyuma ya maduka, ukitoka Kaloleni kwa mguu unafika kabla hujaanza kutokwa jasho. Nilikuwa msichana niliyetoka Oldonyo Sambu na darasa langu la saba na Kiswahili cha shule, maana nyumbani tulisema Kimaa. Mwenyekiti wa wakati ule, mzee wa Kisingasinga aliyeuza vipuri vya magari, alinionyesha meza mbili za mpira wa meza na stoo, kisha akanipa onyo moja tu: mipira isikae karibu na jiko la chai. Nikadhani ananitania. Akachukua mpira uliopasuka, tukatoka nje, akauwashia kiberiti. Ukawaka fuu, ukaisha, ikabaki harufu kama ya kafuri.

"Umeona?" akasema. "Haya, fagia."

Sina hakika kama kazi niliyoifanya inastahili kusimuliwa. Wenzangu walijenga madaraja, wengine walikuwa wakunga. Mimi nilichagua mipira, huu wa mechi, huu wa mazoezi. Lakini siku hizi vijana wananiuliza, na wasioniuliza nawaona wananunua ovyo, basi nimeona niandike ninachokumbuka. Nikikosea, waliokuwepo wanisahihishe.

Aliyenifundisha ni Katibu, Mhindi wa familia ya wauza vitambaa, na mchezaji bora kuliko wote pale klabuni. Alinikuta napanga mipira kwa weupe wake. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema mpira wa mechi huwa umechapwa nyota tatu, na wa mazoezi nyota moja au hauna kabisa, lakini hizo nyota zimepigwa na mtu wa kiwandani ambaye hatumjui, hivyo tuuhoji mpira wenyewe.

Kuuhoji ni hivi. Kwanza uangalie mshono, ule mstari ambapo nusu mbili zimeunganishwa. Bonyeza kwa kidole gumba huku na huku. Upande mmoja ukibonyea kuliko mwingine, uweke kando. Kisha uzungushe juu ya meza kama pia ya watoto. Mpira mzuri unazunguka umesimama wima, umetulia, utadhani umelala. Mbaya unayumba, unatikisa kichwa kama mlevi anayekataa kwenda nyumbani. Mwisho, uangushe pamoja na mwingine kutoka urefu mmoja, usikilize kama inalia sawa. Masikio yanajua mapema kuliko macho. Na meza iwe sawasawa, maana meza iliyoinama itaisingizia mipira mizima.

Unaoyumba hautupwi. Unakwenda kwenye ndoo ya mazoezi, ambako mwalimu anarusha mmoja baada ya mwingine na mchezaji anapiga bila kupumzika. Ila ndoo moja iwe na mipira ya aina moja. Ukichanganya migumu na milaini, mkono unajifunza uongo. Mpira mpya nao una unga wake wa kiwandani, unateleza; ufute kwa kitambaa kikavu kwanza. Na mwezi wa saba, baridi ya mlima ikishuka, usitoe mpira stoo ukauingiza mechi moja kwa moja. Uache ukumbini upate joto la watu.

Baadaye nilihamishiwa dukani kwa Mweka Hazina wa klabu, aliyekuwa akiuza vifaa vya michezo. Huko nilijifunza kuwauliza wateja wanacheza wapi kabla sijawauzia. Mpira wa nyota tatu kwenye sakafu ya kokoto ni kuudhulumu. Mweka Hazina hakupenda, alisema nafukuza wateja, na pengine ni kweli niliwafukuza wengine. Mwenyekiti mpya alipoingia akanirudisha klabuni, safari hii nikiwa mtunza vifaa, na Katibu bado yupo, nywele zimekuwa nyeupe, mikono ile ile.

Ndipo ikaja mipira ya plastiki. Ile ya zamani, ya kunuka kafuri, ilikuwa inaachwa duniani kote. Hii mipya ilikuwa mikubwa kidogo, ikilia mlio mkavu, na ilikuwa haikubali kukatwa sana. Kukata mpira ni kuusugua kwa raketi ili uzunguke na kukwepa ukigusa meza. Sisi tuliizoea polepole. Hatukufikiria wenzetu wa Akheri, kijiji cha mlimani.

Kila mwaka, kabla kahawa haijaanza kuiva, timu ya Akheri ilishuka kucheza nasi. Walikuwa wakulima wa kahawa na migomba, wakifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya meza iliyotengenezwa na fundi wao wenyewe. Mkali wao alikuwa Anaeli, mama wa makamo, ambaye mpira wake wa kuanzishia ulikuwa unakukwepa kama kuku aliyegundua unataka kumchinja. Hata Katibu alimwogopa, ingawa hakusema.

Mwaka wa kwanza wa plastiki, Katibu alimfunga Anaeli upesi mno. Mpira wa Anaeli haukukwepa hata mara moja. Akheri walibeba mifuko yao wakaondoka bila kunywa chai, na chai ilikuwa imeshamiminwa. Miezi ikapita. Kisha mjumbe akaleta neno: hawaji tena. Walisema mipira yetu tunaijua wenyewe.

Neno lile lilimchoma Katibu. Nisimwonee: hakuwa mdanganyifu. Mimi ndiye niliyechagua mipira ile, na ilikuwa mizuri kabisa. Nikamwambia labda hawa watu hawajawahi kuishika mipira hii, wanacheza bado na ile ya zamani.

"Sheria inasema mpira mpya," akajibu. "Na sisi tuliutumia huo huo. Nani kaiba?"

Alikuwa na haki. Nilikwenda nyumbani nikijiambia alikuwa na haki, na bado nikawa sina raha. Mechi ile ndiyo pekee iliyotukutanisha na watu wa huko juu. Ikifa, imekufa. Kesho yake nikamwambia kwamba Jumapili nitapanda Akheri na mipira kadhaa ya plastiki kutoka kwenye ndoo ya mazoezi, ile inayoyumba kidogo, waijaribu.

"Mbona unaniambia?"

"Ili usisikie kwa mtu mwingine, Katibu."

Akageuka, akaenda zake. Nikahesabu hiyo kuwa ni hapana, nikawaza nani atanipa kazi nyingine kwa umri wangu. Jumamosi jioni akaingia stoo na pakiti ya nyota tatu, akaitupa juu ya meza yangu.

"Usiwapelekee mipira ya mlevi," akasema. "Watasema klabu yetu ni ya hovyo."

Akheri nilifika watu wakitoka ibadani. Anaeli alinikaribisha, lakini uso wake haukukaribisha. Tuliingia ukumbini na wenzake wachache. Akaudundisha mpira mara moja, akaurudisha mkononi mwangu.

"Umepasuka huu, Mama Nasieku."

"Haujapasuka. Ndivyo unavyolia."

Akadundisha wa pili, na wa tatu, yote ikalia vile vile. Akashika raketi, akaanzisha kwa ule mkato wake. Mpira ukaenda mbele moja kwa moja, mpole kama mtoto aliyetumwa dukani. Akarudia. Kisha akaweka raketi chini, akaanza kucheka, huku machozi yakimtoka.

"Kumbe sijazeeka," akasema. "Mwaka mzima nawaambia hawa mkono wangu wa mechi umekwisha. Nilitaka kuacha."

Nilishuka siku ile nikiwa mwepesi, pakiti nimewaachia, nimebebeshwa mkungu wa ndizi ambao sikuuomba na nisingeweza kuukataa.

Basi msimu ulipofika wakaja. Kabla ya mechi niliweka mipira kwenye sinia, na kila nahodha, Katibu kwa upande wetu na Anaeli kwa upande wao, akachagua aliyoitaka, kama desturi ilivyo, ili mwamuzi achezeshe kwa hiyo hiyo bila mtu kubadilisha katikati. Ilipofika mchezo wa mwisho timu zilikuwa sawa, na waliobaki ni Katibu na Anaeli. Anaeli hakukata tena kwa nguvu. Alikuwa akiweka mpira mfupi, karibu kabisa na wavu, mpaka tumbo la Katibu likawa linaifikia meza kabla ya raketi yake. Vijana wetu wakamwambia Katibu aache ugali kwanza. Akawaambia yeye hali ugali, anakula chapati. Wakasema basi wameshajua tumbo limetoka wapi.

Anaeli alishinda. Katibu hakwenda kumpa mkono. Aliinama, akauokota mpira, akauzungusha juu ya meza. Wote tukautazama. Nilijiuliza kama niliubonyeza vizuri, kama niliusikiliza. Mpira ukazunguka umesimama wima, umelala kabisa, mpaka ukaishiwa nguvu.

"Nani kauchagua huu?"

"Nyinyi manahodha," nikasema. "Kwenye niliyoichagua mimi."

"Hauyumbi," akasema, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe. Ndipo akampa Anaeli mkono. Siku ile chai haikutosha.

Sasa nimestaafu. Sijui kama nilichagua vizuri kila mara. Mipira mingi ilipita mikononi mwangu na mingine lazima niliionea. Najua tu kwamba mpira mzuri ni ule ambao wachezaji wote wawili wameuzoea, na hili halikuchapwa kwenye pakiti yoyote. Mwanangu Nasieku hunicheka nikizungusha mayai sokoni.

Katibu naye amewaachia watoto duka la vitambaa. Jumamosi hupanda Akheri kucheza na Anaeli, na nikiwepo sharti nichague mimi. Jumamosi iliyopita nilimwamkia Katibu, akaitikia marahaba, akaniletea sinia. Nikainama juu ya mipira.

"Geukia huku, Mama Nasieku," akasema. "Nataka kuiona hiyo mikono. Tangu siku ile sijamfunga huyu mama."