Daktari Wamae na Kadi Iliyogoma Kuingia

Wamae hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, ile mbegu ya dume inayobebwa ndani ya mtungi wa baridi kali, na kwa miaka mingi alizunguka Mweiga, Chaka na vijiji vya katikati akiwa na pikipiki, gamubuti na mdomo. Jina la daktari alijipa mwenyewe, nasi kwa uvivu wetu tukalikubali. Namsema nikimjua. Hoteli yangu ya chai inatazamana na chumba alichokuja kukodi uzeeni, na sijamsamehe kwa kulalamika kila siku kwamba chai yangu haina maziwa huku akiimaliza.

Ukitaka kumjua, mjue kwa neno lake moja: "Dume ndiyo nusu ya boma." Alilisema shambani, alilisema harusini, na hata kwenye matanga ya nduguye alilipenyeza katika hotuba. Maana yake ni kwamba ng'ombe wako hata awe mnyonge namna gani, mtie mbegu ya dume wa maana na uzao utapanda. Ni kweli, kiasi. Lakini kazi ile ina sheria nyingine, na Wamae aliijua kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu: mtamba mdogo, ambaye hajazaa bado, hapewi mbegu ya dume mkubwa. Ndama atakua tumboni kwa kipimo cha babake, na siku ya kutoka atakuta mlango ni wa mamake.

Sheria hiyo aliivunja kwa Wangechi.

Wangechi, mama wa Gatimu, wakati huo alikuwa mjane kijana, anaishi kando ya barabara ya Mweiga, na mali yake yote ilikuwa mtamba mmoja mwekundu, mdogo, aliyemfuata nyuma kama mbwa. Wamae alifika kwake jioni akiwa amebakiwa na mbegu moja tu kwenye mtungi, ya dume mkubwa wa maziwa. Mvua ilikuwa inakuja, na hakutaka kurudi kesho yake. Wangechi aliuliza kama mbegu hiyo si kubwa kwa mnyama wake. Wamae akamwambia ashukuru, maana wenye mashamba makubwa wanaipigania. Miezi tisa baadaye wanaume wanne walimvuta ndama kwa kamba tangu asubuhi. Ndama alitoka amekufa, na mtamba naye akafa adhuhuri, macho wazi.

Kesho yake Wangechi alimkuta Wamae pale tunapopeleka maziwa kupimwa, akamuuliza mbele ya watu, kwa upole tu, kwa nini alimfanyia vile. Angeweza kusema pole. Angeweza hata kunyamaza. Alisimama na mikono kiunoni akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama Gatimu, dume yangu haina makosa. Ng'ombe yako ndiyo ilikuwa ndogo. Mungu akikupa kidogo, usinilaumu mimi."

Watu walicheka, mitungi ya maziwa mikononi. Wangechi akarudi nyumbani. Hakufuga tena ng'ombe maishani mwake, na tangu hapo riziki yake ni viazi anavyouza sokoni Chaka, hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Sasa sogea mbele mpaka juzi juzi. Magoti yalimwisha Wamae, vijana wenye simu na pikipiki mpya wakamnyang'anya kazi, naye akakodi chumba kwenye ploti ya Kingori, akanunua kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi za Ulaya, akazipanga juu ya meza na kuchora mlangoni DAKTARI GAMES. Vijana walikuja kucheza mpira na mbio za magari. Akanenepa kidogo, akaanza tena kulalamikia chai yangu. Nami nikafurahi, maana vijana wakishindwa huja kunywa chai kwangu.

Raha hiyo ilikatizwa na Muriithi, kijana mrefu mwenye tabasamu la mtu anayekuhesabia siku. Alifungua chumba cha pili cha michezo kwenye ncha ya pili ya ploti ile ile. Kelele zikawa maradufu, mwenye cherehani akalalamika, wa kanisa la chumba cha mwisho akalalamika, na Kingori mwenye ploti akatoa hukumu: chumba cha michezo kitabaki kimoja. Siku ya soko kila mmoja atatoa mashine yake bora, vijana waangalie, na watakayemchagua ndiye atakayebaki. Mwingine atafunga.

Kwa Muriithi ilikuwa biashara tu, maana alikuwa akiuza pia vipuri vya kompyuta na asingelala njaa. Kwa Wamae ilikuwa ndiyo kazi ya mwisho. Hakuwa na shamba la maana, wala mkono wa kazi nyingine, na zaidi ya yote hakuwa na mahali pengine ambapo mtu angemwita daktari. Alikuja hotelini, akanywa chai bila kuilalamikia, nikajua ameogopa.

Dawa aliyoipata ilikuwa kadi ya picha. Mtu alimwambia kwamba kadi ndiyo inayochora mchezo kwenye kioo, na kwamba kubwa kuliko zote inauzwa na adui yake mwenyewe. Basi akaenda kwa Muriithi. Nilikuwepo, nimepeleka chai.

"Mzee," Muriithi akasema, "kwanza niambie, hiyo mashine yako iko na processor gani?"

"Ya Ulaya."

"Ya mwaka gani?"

"Wewe kijana, mimi nimepandisha ng'ombe za babako kabla uzaliwe. Ati processor! Dume ndiyo nusu ya boma. Wewe niuzie hiyo kubwa, hayo mengine ni yangu."

Muriithi akatabasamu lile tabasamu lake. "Sawa, mzee. Dume ndio hii. Lakini nikishakuuzia, usirudi kuniuliza."

Alijua. Nilimwona kwa macho yangu kwamba alijua, na alimfungia kadi ile kwa karatasi polepole kama anayefunga zawadi. Nami nikanyamaza. Kwani mimi ni mamake Wamae?

Kadi iligoma kuingia. Ilikuwa ndefu kuliko kasha la ile kompyuta ya ofisi. Wamae akamwita fundi wa milango, wakaliweka kasha juu ya stuli, mmoja akalishika na mwingine akakata chuma kwa mashine, cheche zikiruka mpaka kwenye mandazi yangu. Kisha wakaisukuma kadi ndani, mmoja anavuta kwa upande huu, mwingine anasukuma kwa ule. Wangechi alikuwa ameketi juu ya gunia lake la viazi, akitazama. Alitazama kazi ile tangu mwanzo hadi mwisho, mteja akimsemesha hamsikii.

Siku ya soko ikafika. Chumba cha Wamae kilijaa, wengine wakasimama barabarani wakichungulia. Mashine mbili ziliwekwa ubavu kwa ubavu. Aliyechaguliwa kucheza ni Jackie, msichana wa duka la kutuma pesa, kwa sababu hakuna wa kumshinda kwa mbio za magari na hana deni la heshima kwa yeyote. Angeendesha gari lile lile, njia ile ile, kwanza kwa Muriithi kisha kwa Wamae. Pembeni mwa kioo kungekuwa na namba inayosema ni picha ngapi zinapita kwa sekunde. Vijana wanaziita fremu, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo gari linavyoteleza laini.

Mashine ya Muriithi ilikuwa na kadi ya kawaida tu, ndogo, haina taa hata moja. Namba ilikaa sabini, ikacheza hapo hapo, sabini na mbili, sitini na tisa, mpaka Jackie akamaliza. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Kisha ya Wamae. Kadi iling'aa kwa rangi zote kupitia tundu lililokatwa, na Jackie alipoanza peke yake barabarani namba iliruka mpaka mia na kitu. Chumba kililipuka. Wamae alinyanyua mikono yote miwili. "Si niliwaambia? Si niliwaambia dume ni dume?" Alinitafuta kwa macho mlangoni, na Mungu anisamehe, nilimtabasamia.

Halafu Jackie akaipata kona, na baada ya kona kulikuwa na magari mengine ishirini, mvua, na watu wanaoshangilia kando. Namba ikaanguka. Hamsini, thelathini, kumi na tisa. Gari likawa linarukaruka kama sinema iliyokwaruzwa: liko hapa, mara liko pale, katikati hakuna kitu. Jackie alikata usukani, gari likakata baada ya yeye kusahau kwamba amekata. Akagonga ukuta. Akagonga tena.

"Wewe msichana, unafanya makusudi!" Wamae akafoka.

"Si mimi, mzee. Inalag, inachelewa."

"Basi punguza hiyo urembo! Toa miti, toa maji, kadi ipate nafasi!"

Jackie akapunguza. Akatoa miti, akatoa vivuli, picha ikawa mbaya kama mchoro wa chekechea. Namba haikusogea. Kumi na tisa. Hapo ndipo kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, na kikapokelewa na wengine.

Muriithi alikuwa ameisubiri dakika hiyo tangu siku ya kuuza. Alikuja mbele akaeleza polepole, kwa sauti tamu, ili hata sisi wa mandazi tuelewe. Prosesa ndiyo inayofikiri, alisema. Gari hili liko wapi, lile limegonga nini, mtu yule anaruka au amekaa. Ikishafikiri ndipo inaiambia kadi ichore. Ukiwa peke yako barabarani kazi ni kidogo. Wakija ishirini, prosesa ya zamani inazama. "Kadi haina shida. Kadi imelala hapo, inangoja kuambiwa ichore nini. Ndio maana ukitoa miti hakuna kitu inabadilika. Ulinunua dume, mzee."

Angeishia hapo angekuwa ameshinda vya kutosha. Hakuishia hapo. Alizima mashine, akaitoa ile kadi kwenye kasha lililokatwa, akaifunga kwenye mashine yake mwenyewe, Wamae akimtazama bila kumzuia. Jackie akacheza tena, kona ile ile, magari yale yale, mvua ile ile. Namba ikakaa mia na ishirini. Gari liliteleza kama siagi kwenye kikaango, matone ya mvua yakionekana moja moja juu ya kioo chake. Sijapata kuona kitu kizuri vile kwenye ploti ile.

Na Wamae, maskini ya Mungu, alifurahi. Alisahau kwamba amenyang'anywa chumba. Uso ulimng'aa, akageukia watu. "Mmeona? Mmeona sasa? Kadi yangu haikuwa na makosa!"

Wangechi alikuwa mlangoni, mikono ina udongo wa viazi. Hakupaza sauti. Hakuhitaji, maana watu walikuwa wamenyamaza kwa ajili ya lile gari.

"Haikuwa na makosa, Wamae," akasema. "Dume yako haikuwa na makosa. Ng'ombe yako ndiyo ilikuwa ndogo."

Vijana hawakuelewa. Wazee walielewa, na ndio waliocheka, wale wale wenye mitungi ya siku ile, sasa hawana meno. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na mimi niliwahi kuutaka mkuki huo umpate. Ulipompata sikuona utamu niliotarajia. Nilimhurumia, na nikakasirika kwa kumhurumia. Wamae akalitazama kasha lake lililokatwa, tupu, chuma kimejikunja pembeni, na niliona kwamba sasa anamwona yule mtamba mwekundu. Sheria ile aliijua miaka yote. Aliijua kuliko yeyote kati yetu.

Vijana walipiga kura kwa miguu, wakamfuata Muriithi na mashine yake mpaka ncha ya pili ya ploti. Kadi ilibaki kwa Muriithi. Alimlipa kitu kidogo mbele ya watu, kama anayempa mtoto peremende, na Wamae alipokea.

Soko lilipopungua alitoka. Alivuka na magoti yake mabaya mpaka alipoketi Wangechi, akasimama mbele yake, kofia mkononi. Nilijiegemeza mlangoni nisikie.

"Mama Gatimu," akasema. "Ile ng'ombe yako."

Wangechi alikuwa anapanga viazi katika mafungu. Alipanga fungu moja, akalirekebisha, akaweka kiazi kikubwa juu.

"Ile nyekundu," Wamae akasema tena. "Mimi nilijua. Hata siku ile nilijua."

Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa amefika na kikapu, akingoja. Wangechi akainua macho kumtazama Wamae kwa mara ya kwanza.

"Unanunua viazi?" akamuuliza.

Wamae akatikisa kichwa.

"Basi songa kando, Daktari. Unanifungia wateja."