Baba Mkubwa Alivyotutembeza Dar es Salaam

Mtu akinisifia Dar es Salaam namwacha amalize, kisha nabadilisha mazungumzo. Mimi mji ule niliuona nikiwa msichana, miaka ile ya hamsini Mwingereza angali anatutawala, na nilionyeshwa vizuri kuliko wengi: bandari, maduka ya Wahindi, majumba ya Wazungu, mpaka soko la samaki. Sitaki kuuona tena. Wajukuu wangu wanasema bibi ana kinyongo na mji mzima. Ndiyo, ninacho, na sioni haya.

Kwetu ni Ifakara, upande wa Kibaoni. Baba alikuwa amekwisha kufa, mama amebaki na sisi wawili, mimi na kaka yangu. Kaka alipoota ndevu tu akasema kulima mpunga kwenye matope ya Kilombero si kazi ya mtu mwenye akili zake. Akaenda Dar es Salaam kubeba mizigo bandarini. Huko alifikia kwa baba mkubwa, yaani kaka yake marehemu baba, aliyekuwa mpishi wa Mzungu na alikuwa na nyumba yake Ilala. Mama akatulia. Mtoto yuko kwa baba yake, atapata tabu gani?

Mwaka mmoja, mavuno yamekwisha na njia zimekauka, jirani yetu mmoja akarudi kutoka huko. Alikuja kwetu jioni, akakaa mkekani, akapewa maji, akala, akaulizwa habari za safari. Alipoulizwa ndipo akasema. Kaka amelazwa hospitali kubwa ya Dar es Salaam, kifua kinambana, anakohoa damu. Jirani alikwenda kumwona kabla hajapanda gari moshi. "Amenituma nikwambie uje, mama," akasema. "Hataki kitu kingine. Anataka akuone wewe."

Huyo jirani alikuwa na habari ya namna hiyo kifuani, na alikula wali wetu kwanza. Usimshangae, ndivyo tulivyolelewa kule bondeni. Mgeni hamwagi habari mlangoni kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Anakaa, anakula, yanazungumzwa ya mvua na ya mashamba, kisha mwenye nyumba anakohoa kidogo na kuuliza: "Haya, mmetujia na lipi?" Hapo ndipo mgeni anafungua kinywa. Asiyengoja kuulizwa hakufunzwa kwao. Na mjane aliyefika kwa kaka wa marehemu mumewe, huyo ndiye wa kungoja kuliko wote. Mimi adabu hiyo niliipenda nilipokuwa mdogo. Sasa nikiisikia inasifiwa natamani kutema mate.

Mama hakulia. Alitwanga mpunga, akasaga unga wa mchele wa kupikia uji, akaufunga kwenye kitambaa ndani ya kikapu, tukapanda lori la Mhindi mnunuzi wa mpunga. Tulikaa juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye meno. Tukauvuka Ruaha, tukapita Mikumi, na Kilosa tukaingia gari moshi, daraja la tatu, lenye mabenchi ya mbao na watu wamekaa mpaka chini. Njia nzima mama alikuwa na neno moja. "Nikimfikia tu akiwa na roho yake. Nikimnywesha uji kwa mkono wangu, nitamrudisha nyumbani." Alilisema lori lilipokwama mchangani, akalisema tena gari moshi liliposimama Morogoro kuongeza maji. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamwambia, "Mama, utafika." Akaniambia, "Sijaomba kufika. Nimeomba nimkute."

Tuliteremka stesheni Jumamosi. Mama akaingia kwenye basi na kuamkia watu wote, mmoja mmoja, kuanzia mlangoni. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Hujambo mwanangu." Utingo akampigia kelele akae, abiria wakacheka, kijana mmoja akaitikia marahaba kwa dhihaka huku mama ni mkubwa wake wa kumzaa. Mama akatabasamu akidhani ameitikiwa. Niliona moto kichwani. Ningeweza kumng'ata yule kijana.

Ilala tuliuliza nyumba hadi tukaipata. Mke wa baba mkubwa, mtu wa hukohuko mjini, alitukaribisha, akatuonyesha pa kuweka mizigo, akarudi kwenye mapishi yake. Hakutuuliza kitu. Mama akaona ni sawa, maana wa kuuliza ni mwanamume mwenye nyumba.

Akaja huyo mwenye nyumba, suruali imepigwa pasi, kofia kichwani. Mama akapiga goti. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, marahaba! Lo! Hatimaye shemeji yangu umekumbuka kuja kutembea! Mmefanya la maana. Bwana wangu amekwenda kwao likizo, sina kazi. Nitawaonyesha mji mpaka mseme basi."

Kutembea! Alijiuliza na akajijibu mwenyewe, palepale mlangoni. Nikamtazama mama. Mama akatazama chini, akasema, "Asante, shemeji."

Tulikula. Mama akanawa, akakunja mikono mapajani, akangoja. Baba mkubwa akazungumza. Alitueleza Wazungu wanavyokula nyama na damu yake, akatueleza yai linavyopondwapondwa mpaka liwe povu jeupe. Kisha akakohoa. Mama akakaa sawa. Baba mkubwa akasogea dirishani, akatema, akasema, "Kesho baada ya misa, bandarini!"

Nikashindwa kuvumilia. "Baba mkubwa," nikaanza. Mama akanifinya paja, finyo la kutoa damu.

Tulipokwenda kulala nilimwambia mama, kwa nini tusiseme? Akasema ninataka kumwaibisha. "Shemeji anajua yote, mtoto ni wake. Umeona anavyocheka? Kama hali ingekuwa mbaya, angecheka vile? Kaka yako ana nafuu. Shemeji anangoja tupumzike, kesho atatupeleka." Akalala kwa amani. Sikuwahi kumwona mama amelala vizuri vile tangu jirani alipokuja.

Jumapili akachukua kikapu chake cha unga kwenda nacho misa, na baada ya misa akakibeba kwenye matembezi. Tulitembea, jamani. Tulipelekwa mtaa wa maduka ya Wahindi, yamefungwa, tukaambiwa tutazame kwenye vioo. Tukapelekwa Uzunguni, barabara zimefagiwa, miti imepandwa kwa mstari, na askari mmoja akatufuata nyuma mpaka tulipotoka. Mama aliona benchi zuri likitazama bahari, akataka kukaa miguu ipoe. Baba mkubwa akamshika mkono upesi: "Hapo si petu, shemeji." Alilisema kwa kujivuna, kana kwamba kujua pa kutokukaa ndiyo elimu ya mjini.

"Na hicho kikapu cha nini?" akamuuliza njiani.

Nikasema moyoni, haya mama, umeulizwa! Mama akajibu, "Basi tu, shemeji." Mambo ya nyumbani hayasemwi barabarani. Hilo nalo ni la kwetu.

Jioni tulikuwa bandarini. Baba mkubwa akatununulia samaki wa kukaanga kwenye karatasi, akatuonyesha meli, hii ya Ulaya, ile ya Bombay. Mlingoti mmoja ulikuwa na baharia kajining'iniza huko juu anapaka rangi, anaimba kwa sauti kubwa, na rangi inamdondokea mwenzake wa chini kichwani. Yule wa chini akawa anatukana kwa lugha tusiyoijua. Mama akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Mimi nami nikacheka, nikasahau tulichokuja kufanya.

Jumatatu tukapanda basi tena, kwenda sijui wapi, nimesahau, na sijali. Baba mkubwa alikaa dirishani anatuhesabia majengo. Pale shule, pale posta, pale mahakama. Tulipopita kwenye ukuta mrefu wenye geti na watu wengi wamekaa nje na vyungu vya chakula, akanyoosha kidole. "Na hiyo ndiyo hospitali kubwa. Mkiugua Ifakara mkishindikana, mnaletwa hapo."

Akaendelea na jengo lililofuata.

Mama akasimama ndani ya basi linakwenda. "Shemeji, si tushuke?"

"Tushuke tufanye nini?"

"Si ndimo alimo mwanangu?"

Naiona sura ya baba mkubwa mpaka leo. "Mwanao yumo humo? Tangu lini?" Ndipo ikatoka, huku utingo anatugombeza tukae au tushuke: kaka alikuwa amehama pale Ilala zamani. Aligombana na mke wa baba mkubwa, akaenda kupanga Magomeni na vijana wenzake wa bandarini, na baba mkubwa akasusa. Hakumtafuta. Hakujua mtoto anaugua, wala analala wapi. Alidhani kama kuna jambo, sisi tungesema. Na sisi tulidhani kama kuna jambo, yeye angeuliza.

Tulishuka, tukarudi kwa miguu tukikimbia, mama mbele na kikapu kichwani. Tulizungushwa kidogo, kisha akaja muuguzi mwanamume, mtu mzima mwenye sauti ya upole. Akataka kujua sisi ni nani kwake. Mama akasema, "Mimi ndiye mama yake, nimekuja." Yule muuguzi akatukalisha. Pole pole akatuambia kaka alikata roho jana jioni. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho. Mchana kutwa, kila mlango ulipofunguliwa, aligeuza kichwa kutazama nani anaingia.

Jana jioni. Tulikuwa na samaki mkononi.

Mama hakupiga kelele. Baba mkubwa ndiye aliyelia, akajipiga kichwa ukutani, "Shemeji, kwa nini hukuniambia? Siku zote hizi, kwa nini hukuniambia?"

"Nilingoja uniulize," mama akasema.

Tulimzika hukohuko Dar es Salaam, mchanga mtupu, kaburi linamomonyoka likichimbwa. Watu wa kwetu walioko mjini walikuja, Wapogoro na Wandamba, wakajaa pale Ilala. Baba mkubwa akawasimulia yote. Na unajua walisema nini? Walimsifu mama. Wazee wazima, wanatikisa vichwa: huyu ndiye mwanamke, huyu amelelewa, wa siku hizi angeanza kupayuka getini. Nilikuwa nagawa maji. Niliweka kata chini nikatoka nje, maana ningebaki ningewamwagia usoni. Adabu! Mtu anageuza shingo mlangoni mpaka anakufa, na sisi nusu saa kutoka hapo kwa basi tunamcheka baharia, halafu tunapewa sifa ya adabu. Nilimchukia baba mkubwa, na nikamchukia mama pia, siku ile na nyingi baada yake. Mama nilikuja kumsamehe. Baba mkubwa alikufa sijamsamehe, na kwenye matanga yake sikwenda.

Tulirudi kwa gari moshi lilelile la mabenchi ya mbao. Mama alikaa dirishani. Stesheni moja mbele ya Morogoro akapanda mwanamke mnene, mchangamfu, kuku wawili kwapani. Hata hajakaa, hata jasho hajafuta, akamgeukia mama.

"Hujambo, mwenzangu? Mnatoka Dar es Salaam? Mlifuata nini huko?"

Tangu tutoke Ifakara, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza mama swali hilo. Mama alimtazama kwa muda mrefu, mpaka yule mwanamke akaona aibu na kuanza kupanga kuku wake chini ya benchi.

"Tulikwenda kutembea," mama akasema.