Boga Lililozungukwa kwa Mikono

Walisema sitaweza. Mtoto wa askari, walisema, hulima kwa mdomo tu. Leo wale wale wananiona nimerudi Kampala na diploma yangu ya ukadiriaji wa majengo, nimejenga nyumba huko Juba kwa jasho langu bila mjomba wa kunishika mkono. Lakini wewe ni rafiki, nikwambie: kukadiria sikujifunza chuoni. Juzi pale sokoni Ggaba nilimwona mama akiuza boga vipande vipande kwenye mifuko ya plastiki, nikasimama nikacheka peke yangu.

Tuliishi kambi ya polisi, nyumba za mabati zilizopakana ukuta kwa ukuta. Bibi alikuja kutoka kaskazini na mbegu za boga amezifunga kwenye pindo la leso, akanikopesha moja, ile kubwa. Vingine vyote nilikopa kwa majirani. Mama mmoja Mkenya aliyefuga kuku alinipa mbolea. Afande dereva wa lori alinichotea maji wakati wa jua. Mpishi wa mesi, bwalo la askari, alinipa majivu, na gunia la kulilaza boga lisiguse udongo. Kila mmoja, Bibi akiwemo, nilimwahidi kipande cha shubiri mbili pale tumboni mwa boga, shubiri za mkono wake mwenyewe, toka gumba hadi kidole cha mwisho. Utoto huo! Mkono wa afande ulikuwa kama sahani. Na kipande kimoja kingekosekana, jogoo wangu mwekundu angehamia kwa yule mama.

Nilichukua kamba ya katani, nikapima shubiri zao zote zikifuatana, nikaikata hapo. Kila Jumapili, kambi ikinuka chai ya tangawizi na viatu vilivyopakwa rangi, nililizungushia boga kamba ile. Mwanzoni ililizunguka mara tatu, kisha mara mbili. Watu walikuja kutabiri litafika wapi, wakilionyesha kwa ngumi, kwani kwetu boga changa ukilinyooshea kidole linaoza. Hata mkuu wa kambi, mwenye nyota begani, alikunja vidole.

Halafu mvua ikakatika. Kamba ikabaki na ziada ya urefu wa mkono wangu, Jumapili moja, na nyingine karibu vile vile. Mama wa kuku akapita na ndoo yake.

“Kijana, huyo jogoo umeshamwambia kwamba anahama?”

Nikakata maboga machanga mengine yote ili mmea ulishe moja tu. Nikamwomba Bibi asichume majani, naye aliyapenda kwa mchuzi wa karanga kuliko nyama. Akaniuliza:

“Tutakula makadirio yako?”

Lakini hakuchuma. Tulikula kabichi mpaka nikaichukia, na hadi leo mke wangu haipiki. Niliwaambia wote litafika. Nilisema hivyo kila mahali, bombani na kwenye foleni ya mesi, kwa sauti kubwa, maana nilishaona kikonyo bado kibichi, na boga lenye kikonyo kibichi bado linakula.

Kambi ile imebomolewa, kuna maghorofa sasa. Siku hizi jirani yangu simjui hata jina, na boga tunanunua limeshakatwa, hakuna anayejua lilikuwa na ukubwa gani. Mikono ile mingine imezikwa kaskazini, mingine ilirudi Kenya.

Kikonyo kilipokauka kama kuni, tulilibeba hadi uani. Mama wa kuku akaweka shubiri zake mbili, mpishi akafuata pale alipoishia, kisha afande na sahani zake. Bibi akaweka mkono wa mwisho, mdogo, uliokakamaa kwa jembe. Kati ya kidole chake na kile cha mama wa kuku palibaki nafasi ya vidole viwili.

“Hapo ni pako, fundi,” afande akasema.

Bibi alilipika ndani ya majani ya ndizi. Nikawapelekea wote vipande vyao vikitoa mvuke, mlango kwa mlango, kisha nikala changu kile chembamba nimesimama katikati ya kambi. Sikuwa na deni la mtu yeyote.