Mkono wa Mama Masizi

Karakana nzima ilimwita Mama Masizi, maana vidole vyake havikutakata hata siku ya harusi ya bintiye. Miaka kumi na tisa alipaka rangi nyumba za watu. Sasa alipaka uji mweusi wa grafini, kaboni nyembamba kupita utando wa buibui, juu ya karatasi za shaba. Karatasi hizo ndizo zinazoingia ndani ya betri na kuifanya ijae chaji upesi.

Wiki hiyo weusi ulikuwa ukibanduka kama maganda ya kitunguu. Mhandisi, kijana wa rika la mwanawe wa pili, alisema kasoro ni mkono wake. Leo ukibanduka tena, Mama Masizi anarudi kwenye ufagio alioanzia kazi hapo.

"Mkono huu?" Mama Masizi aliuinua. "Mwanangu, mkono huu umepaka dari za watu wewe ukiwa bado unanyonya!"

Fundi wa vipimo, aliyekuwa meza ya pili, alicheka hadi miwani ikamteleza.

"Sasa tatizo ni nini, mama?" mhandisi akauliza.

"Tanuri lako. Unakausha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Juu kumekauka, chini bado kubichi, gundi yote inapanda juu, shaba inabaki haina cha kuishika. Hata ukuta ukiuharakisha hukufanyia hivyohivyo."

"Lakini hii ni betri ya haraka!"

"Haraka ni ya betri, baba, si yako."

Mhandisi akampa karatasi moja, moja tu. Mama Masizi akaipaka, akapunguza moto wa tanuri karibu nusu, akavuta kigoda akakaa. Chakula cha mchana kilimpita. Hofu ilimtafuna, lakini hakuinuka. Rangi mbichi alikuwa akiijua kama mama anavyoijua homa ya mtoto, kwa kuitazama tu.

Alasiri akaiviringisha karatasi kwenye kalamu aone kama weusi utabanduka. Haikudondoka hata chembe.

Kesho yake betri iliyoundwa kwa karatasi ile ilifungwa kwenye mashine ya vipimo. Dakika ya kumi na mbili ya chaji ya tisa, fundi akavua miwani. "Imejaa. Tumeichaji na kuimaliza mara nane tangu asubuhi, na bado iko vilevile."

Mhandisi alikuna kichwa. "Basi tupake ishirini leo," akasema, na kwa mazoea akanyoosha mkono kuongeza moto.

Mama Masizi akampiga kofi dogo la mkononi. Alama tano nyeusi zikabaki kwenye mkono wa koti lake jeupe, naye mhandisi akautia mkono mfukoni.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Niletee kigoda changu."